Gogo Lililozama

Kaka yangu alikuwa dereva wa trekta la minyororo katika shamba la mkonge huko Kwala, na mimi nilikuwa utingo wake. Nyuma ya trekta tulivuta fremu nzito yenye meno marefu ya chuma, ya kupasua ardhi ngumu kabla ya mkonge kupandwa. Iliinuliwa na kushushwa kwa kamba ya waya. Kila asubuhi kaka aliipitishia kamba hiyo kitambaa kikuukuu. Kikinasa, alijua kuna nyuzi zimekatika, na hatukutoka mpaka ibadilishwe. Alikaza bolti, akatia grisi, akatazama kama pini ya kuungia imeingia hadi mwisho. Wenzetu walimtania kwamba analipamba trekta kama bibi harusi.

Mwaka ule vuli iliwahi. Asubuhi moja ncha ya jino la kati ilivunjika kwenye kisiki. Ncha haibadilishwi meno yakiwa ardhini, kwa hiyo kaka aliinua fremu, nikamsaidia kupanga magogo chini yake, akaishusha taratibu mpaka ikakaa, ndipo akazima injini. Aliyapiga magogo teke moja moja. Yalikuwa imara. Akachukua spana, akaingia chini.

Udongo wa juu ulikuwa umekauka, lakini chini bado ulikuwa umeshiba maji, nasi hatukujua. Gogo moja lilizama upande, fremu ikalala. Kishindo chenyewe hakikuwa kikubwa. Nilimwita, hakuitika.

Watu walikuja mbio, tukamtoa akiwa hai. Ndani ya lori, kichwa chake kikiwa mapajani pangu, alifumbua macho akasema, "Mwambie mama sikuwa na haraka."

Hakusema tena.

Tulimzika nyumbani, Marui. Msibani nilisikia watu wakinong'ona kwamba vijana wanachezea mashine wasizozijua, na kwamba mwenye pupa hadiriki kula tamu. Nikaenda kwa mama, nikamfikishia maneno ya kaka mbele ya wote. Mama alivuta khanga usoni.

"Najua," alisema. "Hata kutambaa alichelewa."

Minong'ono ikakoma.

Msimamizi aliponiita nishike trekta lile, mama hakutaka kusikia. Nilimweleza kwamba sina kazi nyingine ninayoijua, naye mwishowe akamwachia Mungu. Tangu hapo sikubadilisha ncha tena katikati ya shamba. Nililipeleka trekta mpaka kwenye barabara ya kokoto, hata kama ni mbali, nikatandika mbao pana chini ya magogo. Msimamizi alilalamika kuwa nachelewesha kazi, kisha akazoea.

Mjane wa kaka alipomaliza eda, alikuja Kwala bila kutoa taarifa. Alinikuta barabarani, fremu imekaa juu ya magogo, spana mkononi. Tulisalimiana, nikamuuliza kuna nini nyumbani. Akasema kwema, amekuja tu kuona ninapoingia.

Nilimwonyesha kila kitu. Alichutama, akakandamiza ardhi kwa kiganja pembeni mwa kila ubao, akizunguka. Kisha akajifuta vumbi kwa ncha ya khanga.

"Pagumu, shemeji," alisema. "Ingia."

Niliingia. Kutoka kule chini niliona miguu yake tu, na haikusogea mpaka nilipotoka.