Malkia wa Pembeni

Harufu ya dizeli iliyochanganyika na vumbi la mahindi hunirudisha Makole, kibarazani kwetu, baba amekaa kwenye kigoda na ubao wa chesi umewekwa juu ya debe. Alikuwa dereva wa lori la mahindi kutoka Kibaigwa hadi Dar, na kila aliporudi safari tulicheza kabla hata hajaoga. Mama alinung'unika, lakini nani alimsikia?

Baba ndiye aliyenifundisha ufunguzi ule wa haraka: askari wa mfalme mbele, askofu atoke, malkia akimbilie ukingoni, kisha amvamie mfalme wa mwenzako akiwa amezubaa. "Huo ni wa kumfunga mgeni wa mchezo," alinionya. "Mimi usinijaribie."

Nikamjaribia. Siku hiyo tajiri wake, Mzee Salumu mwenye lori, alikuja kupanga safari ya kesho yake, akawa anakunywa chai huku akitutazama. Malkia wangu alisimama waziwazi ukingoni, kushoto kwa baba. Baba akasogeza farasi asiyehusika. Nikamfunga.

Nawaambieni, nilicheka mpaka nikapaliwa, na nikataka na mgeni acheke. "Babu, baba siku hizi vitu vya pembeni havioni mpaka avipapase. Juzi kamkanyaga kuku wa jirani."

Mzee Salumu hakucheka. Alikipeleka kikombe chake upande wa kushoto wa baba, akasema taratibu, "Nipokelee, dereva." Baba akanyoosha mkono mbele yake, ukashika hewa.

"Nipe funguo, ndugu yangu," mzee akasema. "Kaangalie macho kwanza."

Hospitali walimwambia amechelewa. Wahenga walisema mdomo uliponza kichwa. Wangu ulikiponza cha baba. Hakuendesha gari tena, wala hakunigombeza hata siku moja. Afadhali angenichapa. Ninaowasimulia husema niliokoa roho za watu barabarani. Huenda ni kweli, na bado inaniuma.

Kilichokuja kuniuma zaidi nilikielewa nikiwa tayari nina watoto. Baba alimficha mama hali ya macho yake, akamficha utingo wake, akamficha tajiri. Siku ile hakuzipapasa kete kwa kuwa mgeni alikuwepo, ndiyo maana hakumwona malkia. Siku nyingine zote alipapasa bila wasiwasi, kwa sababu tulikuwa wawili tu, na mimi ndiye mtu pekee ambaye hakuona haja ya kumficha.