Bakari na ardhi aliyosema ni ya Mungu

Simu imelia alfajiri, nikajua. Bakari wa Munje hatunaye. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Hadi sasa naishika simu nikitaka kumpigia yeye mwenyewe, nimuulize kama ni kweli.

Wengi wenu mnamjua kama yule mzee wa kesi ya shamba. Mimi namjua tangu tuna meno yote.

Alikuwa na mdomo huyo, jamani! Nilipoajiriwa clerk wa ardhi, mwanzo mwanzo wa uhuru, akanibandika jina "Bwana Serikali". Hakuniita jina langu tena, hata juzi kitandani.

Siku tulipokwenda kwao kuandikisha mashamba alivaa kanzu ya Idi, akatuchinjia jogoo. Ofisa alikuwa mgeni wa bara. Mimi ndiye mkalimani, na mimi ndiye mwandishi.

Ofisa akauliza, "Mali hii ni ya nani?"

Bakari akajibu kwa adabu, kama alivyofundishwa na mjomba wake: "Minazi ni yetu, bwana. Mjomba wangu ndiye aliyeipanda. Ardhi ni ya Mungu, mja ataisemaje kuwa yake?"

Kwetu Wadigo hilo ni jibu la mtu aliyelelewa. Mti una mwenyewe, aliyeupanda. Ardhi ni ya ukoo mzima, walio hai na waliozikwa, na kusimama mbele za watu useme "hii yangu" ni utovu wa adabu. Nilijua hivyo, nami ni Mdigo! Lakini fomu ilikuwa na mstari mmoja tu na ofisa anatazama saa. Nikaandika: trees only. Yaani huyu ana minazi tu.

Ardhi ikaandikwa ya serikali. Baadaye ikagawiwa, ikauzwa, ikazungushiwa seng'enge. Minazi yenyewe ikakatwa.

Kesi ya kwanza ya ukoo wao kuidai ardhi ilipotupwa ndipo nilipomwambia Bakari nilichoandika. Akanimiminia kahawa.

"Bwana Serikali, we uliandika nilichosema. Kosa ni letu sote wawili. Sasa twende ukayaseme hayo mahakamani."

Nilikwenda, sikumbuki mara ngapi. Hakimu mmoja alimuuliza ana hati gani. Bakari akasema, "Kaburi la mamangu." Wakili wa upande wa pili akacheka. Kicheko kile kinanichoma mpaka leo.

Wosia wake ulikuwa mmoja: azikwe hapo, ubavuni mwa mamake, ndani ya ua ambao sasa ni wa watu.

Asubuhi wanawe wamekwenda getini kuomba. Mimi nikabaki nazunguka uwanjani kama kuku anayetafuta pa kutagia. Maiti imeshaoshwa, na maiti haisubirishwi.

Saa sita wamerudi na karatasi. Ruhusa ipo! Watie sahihi tu kwamba wanazika kwa hisani ya mwenye ardhi, na kwamba hawana dai lolote hapo, leo wala kesho.

Mwanawe mkubwa akanipa nisome. "Ami, we wazijua karatasi zao. Nitie?"

Wote wakanitazama. Kesi inasikizwa mwezi ujao. Nimeisoma mara tatu, miwani inanitoka kwa jasho. Nikamwambia asitie.

Basi tunamzika saa kumi, makaburi ya msikitini, mbali na mamake. Mlio karibu njooni mumswalie. Na tafadhali msinisifu kwenye comments. Naogopa. Neno langu limeshamponza mara moja, na sijui kama leo sijamponza tena.

Bakari, ndugu yangu, nimekunyima kulala na mamako ili wanao wasije wakakosa pa kulala. Ukininunia una haki. Lala salama hivyo hivyo, na hasira zako.