Kipa wa Kaunta ya Viatu

"Kabla sijafika mimi, huyu alikuwa anafundishwa nini?"

Kocha wa tatu aliniuliza hivyo siku yake ya pili, akiwa ameegemea dirisha la ofisi. Nje ya kioo, mwenzangu alikuwa amesimama langoni, pedi miguuni, akingoja mtu ampigie. Mimi nilikuwa karani wa uwanja wa barafu ulio ndani ya jumba moja la maduka hapa Doha, na kujua mambo kama hayo ndiyo ilikuwa kazi yangu. Sikujua. Nikajibu kwamba alikuwa anafundishwa kulinda lango. Kocha aliniangalia kidogo, akasema asante.

Tuliishi chumba kimoja Al Mansoura, juu ya duka la dobi, mwenzangu na mimi. Yeye alitoka Kakamega, mimi Nakuru. Alifanya kazi kwenye kaunta ya kukodisha viatu vya barafu: kutwa kucha alipokea viatu vilivyolowa jasho la watu asiowajua, akavipulizia dawa, akavirudisha rafuni kwa namba. Shuleni alikuwa kipa wa mpira wa magongo, ule wa nyasini. Alipofika hapa akaona watu wakiucheza juu ya barafu kwa kisahani cheusi badala ya mpira, alicheka mpaka msimamizi akamwonya. Wiki iliyofuata aliomba ruhusa ya kujaribu.

Ligi yenyewe ilikuwa ndogo, timu nne za wahandisi, walimu na wauguzi wa kigeni, wanaume kwa wanawake. Uwanja wetu ulikuwa na timu mbili. Daraja la kwanza lilicheza mechi. Daraja la pili lilifanya mazoezi tu, eti kukuza wachezaji, na sisi wafanyakazi tuliruhusiwa kujiunga nalo asubuhi kabla milango ya maduka haijafunguliwa. Mara moja kwa mwaka daraja la kwanza lilikwenda Kuwait kwa mashindano ya kirafiki.

Mwenzangu alitaka safari hiyo. Hakutaka kingine.

"Mechi moja tu, Profesa," aliniambia. Aliniita Profesa kwa sababu nilikuwa na digrii ya sosholojia na kazi ya kupanga karatasi. "Refa apulize filimbi, nisimame langoni, watu wanipigie kwa hasira. Halafu nirudi nyumbani nikapalilie mahindi, na hutanisikia nikilalamika tena."

"Na ukifungwa kumi?"

"Nitakuwa nimefungwa kumi Kuwait. Wewe umefungwa wapi?"

Kocha wa kwanza alikuwa Mfini, mtu wa maneno machache. Alipomwona mwenzangu akikipiga teke kile kisahani kama wanavyofanya makipa wa nyasini, wengine wakicheka, alisema, "Mwacheni, ana miguu." Kwa karibu mwaka mzima alimwacha asimame wima na kumfundisha kitu kimoja tu, kusogea mapema. Kila Alhamisi aliandika tathmini za wachezaji kwa mkono na kuziweka kwenye trei yangu. Mkataba wake ulipokwisha, aliondoka. Wengine walisema joto lilimshinda, wengine kwamba hakuombwa abaki.

Wa pili, Mcheki, alianza kwa kusema kwamba aliyemtangulia alikuwa ameharibu miguu ya watu. Baadaye niligundua kuwa wote huanza hivyo. Kwake, kipa wa barafuni ni mtu wa magoti, na kusimama wima ni mambo ya kale. Mwenzangu alipigishwa magoti miezi minne. Nilikuwa namchemshia maji ya chumvi ya kukanda magoti yake, nikimwuliza ana ushahidi gani kwamba njia hii ni bora.

"Ushahidi gani? Ni kocha."

"Yule mwingine pia alikuwa kocha."

"Basi tafuta wa tatu, tupige kura."

Hatukuhitaji kumtafuta. Mcheki alipata kazi nchi nyingine katikati ya msimu, akatuachia koti lake na chupa ya mafuta ya kuchua misuli. Mlinzi wa mlangoni, Mganda mmoja mcheshi, alinipokea asubuhi ile kwa kicheko, akiniita bibi kwa Kiganda chake. "Nyabo, mwingine ameruka! Huyu anayekuja, tuseme atafika Ramadhani?" Nilisema hafiki. Yeye alisema anafika, ila hamalizi.

Nilikuwa na nadharia yangu, na niliipeleka kwa mudiri, yaani meneja wetu. Nikamwambia mchezaji hawezi kukua akibadilishiwa kocha kila msimu, na kwamba lawama ni ya mikataba mifupi. Mudiri alinisikiliza kwa adabu. "Makocha ni kama vichujio vya mashine ya hewa," alisema. "Vinabadilishwa ili hewa iwe safi." Niliondoka nikiwa nimeridhika kabisa, jinsi mtu anavyoridhika akithibitishiwa kwamba wakubwa wake ni wapumbavu.

Wakati huohuo nilikuwa nafunga faili la Mcheki. Utaratibu ulikuwa rahisi. Kila karatasi yenye sahihi ya kocha iliingia kwenye faili la kocha: mkataba, orodha ya funguo, ratiba, tathmini, barua. Kocha akiondoka, niligonga mhuri wa mapokezi kwenye karatasi zake za mwisho, nikatia sahihi, nikafunga faili, na mandub, yule mtu wa kampuni wa kuzungusha nyaraka, akalipeleka ghala la Abu Hamour. Wachezaji hawakuwa na mafaili. Walikuwa na fomu ya usajili na namba ya viatu. Nilihoji mambo mengi pale: rangi ya sare, hotuba za kututia moyo za kila Jumapili asubuhi, mchungaji wa kanisa letu, hata iwapo barafu ile ilikuwa na baridi waliyoisema. Mafaili sikuyahoji. Yalikuwa nadhifu.

Kocha wa tatu, Mkanada, ndiye aliyeniuliza lile swali. Aliposhindwa kupata jibu kwangu, aliamua kila mtu aanze upya.

"Profesa, ameniweka na wale wanaoshikilia ukuta!" mwenzangu alisema jioni hiyo, akivua soksi kwa vishindo. "Miaka miwili, halafu sifuri."

"Umemwuliza kwa nini?"

"Niulize nipate nini? Wa kuuliza ni wewe. Uliuliza mpaka mchungaji akahama."

Mchungaji alikuwa amepewa uhamisho wa kawaida, lakini sikumkatiza.

Alipanda tena. Kufikia Machi alikuwa amerudi langoni, na kipa wa daraja la kwanza alikuwa ameumia bega. Mkanada alitangaza jaribio: makipa wawili, mipigo kumi kila mmoja, mshindi aende Kuwait. Mkataba wa mwenzangu pale kauntani ulikuwa unaisha Mei na hakuwa na nia ya kuongeza. Yaani ni mwaka huo au basi.

Nilitazama nikiwa ofisini, kioo kikinizibia sauti. Mitatu ya kwanza aliipangua kwa miguu, wima, akisogea mapema. Kwenye mpigo wa nne alianza kupiga magoti, akaghairi, na kile kisahani kikapita pale katikati, kati ya kusimama na kuanguka. Wa sita ulipita hivyohivyo, na wa saba. Mwili ulikuwa unasubiri amri kutoka kwa watu wawili ambao hawakuwapo. Yule kipa mwingine, mhandisi mnene asiye na haraka, alifungwa miwili.

"Hajui anataka kusimama au kupiga magoti," Mkanada aliniambia alipoleta jina. Hakusema kwa ubaya. "Mwaka mmoja zaidi, atakuwa mzuri."

Mwenzangu alirudi kauntani akiwa bado amelowa, akapulizia dawa jozi iliyokuwa ikimngoja. Mlinzi Mganda alimletea chai ya karak bila kusema utani wowote, jambo ambalo sikuwahi kumwona akifanya. Mei mwenzangu aliondoka. Sasa anafundisha makipa katika shule ya wasichana karibu na kwao, nyasini, na akipiga simu ananiuliza tuko kwa kocha wa ngapi. Mkanada alifika Ramadhani na hakumaliza. Nililaumu mikataba, nikamlaumu mudiri, na niliwahi kuandika kurasa kadhaa nzuri kuhusu jambo hilo.

Miaka mitatu baadaye, kampuni ilinituma Abu Hamour kuchagua karatasi za kuchanwa. Ndani ya faili la Mfini, nyuma ya orodha ya funguo, palikuwa na ukurasa mmoja ulioandikwa kwa mkono, kwa ajili ya kocha yeyote atakayemfuata: kipa wa kaunta ya viatu yuko tayari kwa daraja la kwanza, asifundishwe kupiga magoti, apewe Kuwait. Chini yake ulikuwa umegongwa mhuri wa mapokezi, na ndani ya mhuri kulikuwa na sahihi yangu.