Rasimu Zilizojaa Maharage

Mara ya kwanza nilipoomba kusoma ubunifu wa michoro, walinikataa kwa sentensi moja: kazi zako ni safi, lakini hatuoni ulivyofikiri. Maneno hayo yaliniudhi kuliko kukataliwa kwenyewe. Mimi, ambaye chuo kikuu wenzangu waliguna kila nikinyoosha mkono, wakijua mhadhara utachelewa kuisha, leo naambiwa fikra zangu hazionekani.

Nilikuwa na shahada ya uchumi na kazi ya ofisini ambayo sikuweza kumweleza mtu inamsaidia nani. Nilitaka kile kiti darasani. Niliamua kujaribu mara moja tu zaidi, na safari hii potifolio yangu, lile jalada la kazi za mwombaji, ilipaswa kuwa na rasimu: michoro ya mwanzo pamoja na makosa yake.

Sikuwa nayo hata moja. Shuleni tulizoea kuandika kwanza kwenye karatasi ya ovyo, kisha kunakili kwenye daftari kwa mwandiko mzuri, na ile ya ovyo ikaenda jikoni kuwashia mkaa. Nilikua hivyo. Basi nikakaa chumbani kwangu, mtaa wa Niboye, nikijaribu kuzichora upya rasimu kutoka kichwani. Zilitoka zimenyooka, nzuri kuliko kazi zenyewe. Ukizipanga kwa mfuatano, ungedhani mchoraji huyu anazidi kuharibika kadiri anavyojifunza.

Jumamosi, baada ya umuganda, ile kazi ya usafi ya pamoja ya kila mwisho wa mwezi, nilipanda pikipiki kwenda mtaa wa Kabeza kwa shangazi yangu. Shangazi alikulia Tanzania, upande wa Ngara, na mpaka leo hututania na kutugombeza kwa Kiswahili. Hukaanga sambusa na kuziuza mbele ya nyumba yake. Mifuko ya karatasi anayofungia nimeichora mimi, na ndiyo kazi niliyoitegemea zaidi. Nilitaka michache mipya ya kuweka kwenye jalada.

"Msomi wangu, umekonda," alisema. "Ofisini hawali?"

"Nimekuja kuchukua mifuko, Shangazi."

"Iko jikoni. Usiguse yenye vitu."

Mle jikoni nikasimama. Kwenye rafu, maharage yalikuwa ndani ya mfuko wa kwanza kabisa niliomchorea, wenye mistari myeusi iliyomezwa na doa la mafuta. Dagaa walikuwa ndani ya wa pili, vitunguu ndani ya wa tatu. Nilidhani majaribio yale yalitupwa zamani. Lakini kwetu mifuko ya plastiki hairuhusiwi, na mfuko wa karatasi ulio imara hautupwi mpaka upasuke.

"Shangazi, naomba hii."

"Na maharage yangu niyamwage sakafuni?"

"Nitakuletea mingine."

"Mingine ninayo. Hii ndiyo minene." Akanitazama. "Si wewe uliyesema ni mibaya? Ulitaka kulia hapa, mwanangu, eti mafuta yamekula mchoro."

"Ndiyo maana naitaka."

"Kwani huko wanafundisha kuharibu?"

"Wanataka kuona nilivyoharibu."

"Basi utafaulu," alisema, akacheka mpaka akashika meza. Kisha akaanza kumimina maharage kwenye sufuria.

Bado nilikuwa na mashaka. Labda walimu wale walipenda makosa kwa sababu tu yanapendeza macho, nikawaza. Hata hivyo niliibandika mifuko ile kama ilivyo, na harufu yake ya dagaa.

Siku ya usaili walikuwa walimu wawili. Mmoja aliuinua mfuko wa pili, akaunusa, akauliza kwa nini mchoro ulihamia juu.

"Nilikuwa nakimbia mafuta."

"Mbona hukubaki juu?"

Kwa sababu shangazi hukunja mdomo wa mfuko ili kuufunga, na mchoro ukapotelea ndani. Wa tatu niliuchora chini, mkono wa mnunuzi ukaufunika. Kwenye wa nne, anaoutumia hadi leo, niliacha kuukwepa mkunjo, nikachora juu yake: shangazi akikunja, pembe mbili hukutana na kuwa sambusa moja. Niliongea haraka, nikionyesha kwa vidole, na katikati ya maelezo nikagundua kwamba hata mimi sikuwahi kuuona mfuatano huo. Kichwani mwangu, mfuko wa nne ulikuwa umekuja wenyewe.

Sikuweza kujizuia. Nikauliza kama mwombaji akijua makosa yanahesabika hataanza kuyatunga.

"Wengi huyatunga," alisema mwalimu. "Huwa masafi mno."

Nikazikumbuka zile rasimu nilizozichora upya chumbani.

Nafasi niliipata. Shangazi alipokea habari kwa simu, akiwa mbele ya karai. Nilisikia mafuta yakichemka, kisha vigelegele. Madarasa ni ya jioni, na ninakwenda nikitoka ofisini moja kwa moja. Chini ya kitanda changu sasa kuna boksi la michoro iliyokosewa. Mingi ni takataka tu, na sijashawishika kwamba kila kosa lina somo. Lakini naichora bila haraka, wakati mwingine nikipiga mluzi, na sioni sababu ya kulihoji hilo.