Njia ya Kurudia

Kanisa letu liko juu ya kilima nje kidogo ya mji wa Wete, na ukitaka kumjua mtu asiyelima, mpeleke pale juu umsikilize anavyosifu mandhari. Wageni wote husema maneno yale yale. Husimama penye msalaba wa mbao, mikono kiunoni, wakatazama bonde la mpunga lililolala chini na mikarafuu iliyopanda ng'ambo, halafu huvuta pumzi kana kwamba wao ndio walioliumba. "Amani iliyoje!" Amani gani? Ukitazama vizuri utaona migongo ya wanawake imeinama kwenye maji tangu asubuhi, na pembeni kuna mtu anafukuza ndege kwa kupiga debe na kuwatukania mama zao. Mimi nimezaliwa hapa, baba yangu alihamishiwa kazi ya barabara kutoka bara akaja na mama, na sijapata kumsikia mwenye konde hata mmoja akilitamka neno mandhari.

Aliyelipenda neno hilo kuliko wote ni mwenyekiti wetu. Kanisa dogo kama letu, ambalo padri hulifikia mara moja kwa mwezi, huitwa kigango, na padri asipokuwepo mambo huendeshwa na mwenyekiti. Huyu wetu alikuja kutoka bara akiwa na cheo katika ofisi moja hapa mjini, na kabla hajajua hata pa kununua mkate alikuwa amekwisha kuchaguliwa, kwa sababu alivaa koti. Watu wetu wana udhaifu huo. Mtu akivaa koti katika joto hili wanadhani ana jambo kubwa analojua, kumbe hajui hata kwamba kuna joto.

Alipenda kunyoosha mambo. Alinyoosha mabenchi, akanyoosha kwaya, kisha akakinyoosha kilima. Upande wa mbele, ambako njia ilikuwa ikipinda kati ya mikarafuu mpaka mlangoni pa kanisa, alijenga ngazi za saruji moja kwa moja kutoka barabarani, na ubavuni akatia bomba la chuma la kushikia. Siku ya kuzifungua alihutubia kuhusu maendeleo mpaka watoto wakalala. Mimi, mwalimu niliyezoea hotuba za kila namna, nilisinzia pamoja nao.

Ngazi zenyewe sina ugomvi nazo. Mama yangu ni mzee na magoti yake yamechoka, na alizipanda vizuri akishika lile bomba. Ugomvi ulikuja kwenye kurudi.

Sisi tangu zamani hatukuwa tukirudi tulikopandia. Tulipanda upande wa mbele, tukasali, kisha tukatoka kwa nyuma, tukateremka njia nyembamba mpaka chini, tukafuata ukingo wa mpunga tukikizunguka kilima, hadi tukatokea tena barabarani penye daraja dogo tulikoanzia. Hivyo ndivyo tulivyolelewa. Katika mafundisho ya utotoni tuliambiwa kwamba mtu aliyetoka kusali harudi kwa njia aliyoendea, na tuliambiwa kwa ukali, kana kwamba ni amri ya kumi na moja. Nilipokwenda chuo huko bara niliendelea nayo. Kila Jumapili nikitoka kanisani nilikuwa nauzunguka uwanja wa mpira mzima ili nisirudi nilikopita, wenzangu wakanicheka mpaka wakachoka, na ndipo nilipojua kwamba Wakristo wa kwingine hawana habari na jambo hilo.

Asili yake nilikuja kuielewa baadaye, niliporudi kusomesha. Katekista wetu wa kwanza alikuja Pemba akiwa kijana hajaoa, na mwaka wake wa mwanzo alipanga chumba Kiuyu kwa mzee mmoja Muislamu. Siku ya Idd akawaona watu wa nyumba ile wamekwenda kusali kwa njia moja na kurudi kwa nyingine. Kwa Muislamu hiyo ni sunna. Yeye hakujua. Akamuuliza mzee, na mzee, ambaye bila shaka alikuwa na njaa na pilau inanukia, akamjibu kwa kifupi: "Ndo adabu yake, mtu akitoka kusali." Maskini katekista akaona ndiyo adabu ya kisiwa, na kwamba sisi watu wa bara tukirudi tulikopita tutaonekana washenzi. Kanisa lilipojengwa akaifanya sheria. Kosa tupu, lakini Waswahili husema kupotea njia ndiko kujua njia, na njia ile ya kosa ndiyo iliyompatia mama yangu rafiki.

Maana njia ya nyuma hupita uani kwa mama mmoja wa Kiislamu tunayemwita Bi. Sina haja ya kumtaja jina, na hata mama hamwiti jina. Wao wawili huitana "mwenzangu" tu. Mama alikuwa mke kijana, mgeni, mimi niko mgongoni kwake, mvua imenyesha, akateleza kwenye udongo mwekundu mpaka akafikia mlangoni mwa Bi amekaa kitako. Akainuka, akajifuta, akataka kupita kimya kwa haya. Bi akamwita: "Weye! Mtu hapiti mlangoni mwa mtu kama maji ya mvua. Ingia." Akampa kanga kavu, kahawa, na muhogo wa kuchemsha. Tangu siku ile kila Jumapili mama akitoka kanisani hukaa barazani kwa Bi. Wamezikiana waume. Wamechambua karafuu pamoja, wakisengenya nusu ya kaskazini ya kisiwa.

Sasa Bi mguu mmoja umevimba na hatoki nje ya ua wake. Macho yanaona karibu tu. Simu tulimpelekea, akaishika juu chini, akasema haina mtu ndani, akaifungia kabatini. Mama naye ana safari moja tu kwa juma inayowezekana kwa magoti yale, na safari hiyo ni Jumapili. Kwa hiyo Jumapili ikimpita, mwenzake amempita. Hilo nataka lieleweke, kwa sababu mwenyekiti hakulielewa, wala hakuuliza.

Aliyeliharibu jambo ni dereva wa mwenyekiti, na aliliharibu kwa nia njema kabisa. Ni kijana wa Wambaa, Muislamu mwenye heshima zake, na alikuwa akimsubiri bosi wake pale darajani. Akatuona tunapanda huku na kuteremkia kule, akafurahi. "Hongereni, mkuu," akamwambia. "Nyie mnaifuata sunna yetu kuliko hata baadhi yetu."

Mwenyekiti alirudi mjini amenuna, na Jumapili iliyofuata, baada ya matangazo, akasimama. Akasema kuna mila zimeingia kwa mlango wa nyuma, na kweli ulikuwa ni mlango wa nyuma, lakini hakukusudia mzaha. Akasema tujitambue. Akasema pia kuna changamoto ya nyoka kwenye majani, ingawa katika umri wangu wote nyoka pekee aliyepata kuonekana katika mkutano wetu hakutokea majanini. Kisha akatoa amri kwa sauti ya mtu anayesoma gazeti la serikali: "Kuanzia leo, njia uliyojia ndiyo hiyo hiyo utakayorudia. Tumeelewana?"

Watu wakaitika "ndiyo." Wale wale ambao mababu zao wamekizunguka kilima kile wakiamini wanatimiza amri ya Mungu! Mlango wa nyuma ukatiwa kitasa mbele yetu, na hakuna aliyekohoa. Nilikasirika, na nilikasirika zaidi kwa kuwa na mimi nilikaa kimya kama wao.

Mwenyekiti akamshika mama mkono kumteremsha ngazi. Alikuwa na adabu zake, hilo silikatai, adabu za kumshika mtu asiyetaka kushikwa. Njiani akasimama kumpumzisha. "Mama, tazama mandhari hiyo," akasema. "Tunapaswa kumshukuru Mungu."

Mama akatazama. Ukisimama katikati ya zile ngazi, pale kilima kinapojikata, unauona ua wa Bi huko chini, paa la bati lenye kutu na mpapai wake. Bi alikuwa ametoka. Alikuwa amekaa barazani kwenye kiti chake cha kamba, birika limewekwa pembeni, na uso ameuelekeza kwenye njia ya nyuma, tulikokuwa tunatokea siku zote. Mama akainua mkono. Akaupunga, akaupunga tena. Macho ya Bi hayafiki huko.

"Amekaa," mama akaniambia. "Ananisubiri mimi."

Mwenyekiti akadhani mama anapungia bonde. "Eeh, inapendeza sana," akasema.

Nilitaka kumsukuma. Naandika hivyo bila aibu.

Wiki nzima nyumbani kwetu Jadida mama alikosa hamu ya kula. Nilipomwambia nitamtafuta mtu wa kumbeba mpaka kwa Bi siku yoyote anayotaka, akaniuliza kama yeye ni gunia. Niliapa kwamba Jumapili nitasimama mbele ya watu wote nimpashe mwenyekiti ukweli wake, na nikaanza kuyapanga maneno, maneno makali, mengine kwa Kiarabu nilichoazima kwa majirani. Mama akanisikiliza mpaka mwisho. "Usiache mbachao kwa msala upitao," akasema, na akaenda kulala. Nikadhani ananionya nisigombane na mkubwa. Kumbe mbacha aliokuwa akiuwaza ni ule wa barazani kwa Bi.

Jumapili alinihimiza tutoke mapema sana. Bajaji ilipotushusha darajani, nikaelekea kwenye ngazi. Yeye akashika upande wa pili, wa ukingo wa mpunga, na fimbo yake imekwisha kuanza kuchoma matope.

"Mama, ngazi ziko huku."

"Mwenyekiti alisemaje?"

"Alisema turudi tulikojia."

"Haya basi. Mimi najia huku."

Nilisimama pale darajani kama mpumbavu, halafu nikacheka peke yangu mpaka dereva wa bajaji akaniuliza kama ni mzima. Hakuna hata neno moja la amri ile lililosema ujie wapi. Tukafuata maji taratibu, tukipumzika kila penye kivuli, tukafika uani. Bi alipotusikia alianza kugomba kabla hatujatoa salamu.

"Jumapili ilopita n'likaa mpaka kahawa ikapoa! Nikasema mwenzangu keshakufa, na huyu mwalimu hakuja hata kunambia. Nishakusomea na fatiha."

"Shikamoo, Bi," nikasema.

"Marahaba. Na weye ungoje zamu yako ya kugombwa."

Wakanywa kahawa. Kisha tukapanda njia ya nyuma, na kwa kuwa mlango ule ulikuwa na kitasa ikabidi tuzunguke ukuta na kuingia kwa mbele, mahubiri yakiwa katikati. Mwenyekiti alikuwa ndiye anayehubiri. Alituona tumejaa matope mpaka magotini, akapoteza mstari, akakirudia kipande cha wana wa Israeli alichokwisha kukisema.

Baada ya ibada akatusubiri juu ya ngazi, mkono ameutoa tayari kumshika mama. Watu wote walikuwa nyuma yetu.

"Karibu, mama. Twende taratibu."

"Unisamehe, mwenyekiti," mama akasema kwa unyenyekevu ambao sijapata kuuona kwake hata mbele ya askofu. "Huko siruhusiwi. Sikujia huko."

"Lakini mama, nilikusudia..."

"Ulisema njia niliyojia ndiyo nitakayorudia. Mimi nimetii."

Wanakwaya wakawa wanasoma vitabu vyao vilivyofungwa. Mwenyekiti akatazama mkono wake mwenyewe ulioachwa hewani, akautia mfukoni, akasema jua limekuwa kali. Hakuweza kumkataza, maana angelazimika kuitangua amri yake mbele ya watu wale wale walioiitikia, na mtu wa koti hatangui. Tukateremka.

Bi alipotuona tena akadhani kuna msiba. "Mmesahau nini?"

"Hatukusahau kitu," mama akasema, akijitupa barazani. "Nimeamriwa nirudi nilikopitia." Akamweleza yote, kuhusu Idd na katekista na dereva wa Wambaa na koti. Bi akacheka mpaka mtandio ukamwanguka mabegani, akajifuta machozi kwa ncha yake, akacheka tena. Kisha akamimina kahawa nyingine, maana ndiyo faida tuliyoipata. Zamani mama alipita hapo mara moja kila Jumapili, akirudi. Sasa anapita akienda na anapita akirudi, kwa amri ya kanisa.

Inamchosha, sisemi uongo. Jioni mimi humkanda magoti kwa mafuta ya karafuu naye analalamika. Nikimwambia aache, huniuliza kama namfundisha uasi.

Tulipokuwa tunaaga siku ile, Bi alinishika mkono. "Mwambie huyo mwenyekiti wenu n'namwombea dua," akasema. "Mungu ampe umri, aendelee kukataza."

Salamu za mtu lazima zifike. Jumapili iliyofuata nilimwendea mwenyekiti mlangoni, nikamwambia kwamba kuna bibi mmoja huko bondeni anamwombea umri mrefu na anataka aendelee vivyo hivyo. Alifurahi kweli. Akaweka mkono kifuani penye koti, akanishukuru, kisha akaniuliza bibi huyo yuko jumuiya ipi ya kigango chetu, ili siku moja wapite kusali kwake.