Filta Iliyomlowesha Mama Mkwe

Afadhali niseme mwenyewe kabla ya mke wangu Nasimiyu, maana yeye akisimulia huongeza chumvi: mimi ndiye mkwe pekee wa mtaa wetu wa Tuwan aliyemwogesha mama mkwe wake sebuleni, akiwa na kitenge kipya, katikati ya maombi.

Chanzo ni tangi langu la samaki, la lita sitini, lenye samaki kumi na wawili wadogo wenye mikia kama gauni la bibi harusi. Ninalionea fahari, sifichi. Siku hiyo mama mkwe alikuwa anakuja kutoka Chwele kuona nyumba yetu kwa mara ya kwanza (miaka sita ya ndoa!), nami nilitaka arudi akijua binti yake ameolewa na mtu anayejiweza. Filta yangu ilikuwa imechoka, nikaenda mjini Kitale kutafuta nyingine.

"Mwalimu, chukua hii ndogo ya sponji," muuzaji akaniambia. "Inakutosha."

"Na ile kubwa nyeusi?"

"Ile ni ya tangi la lita mia tatu, bana. Itawapeperusha hao samaki."

(Kwa anayetaka kuanza kufuga: chagua filta inayozungusha maji yote ya tangi mara nne au tano kwa saa. Langu lilihitaji ya lita mia tatu kwa saa, na ile nyeusi ilikuwa ya elfu moja na mia tano. Hesabu hiyo naijua, tena ndiyo ninayofundisha, lakini ile ndogo haikuwa na sura ya kumwonyesha mama mkwe.)

Nikabeba ile kubwa, nikaifunga kwenye tangi.

Mama alifika na mzee wa kanisa. Sasa, kwetu Wabukusu mkwe hamsogelei mama mkwe wala hampi mkono, kwa hiyo tulimwekea kiti kizuri mbali na changu, kando ya tangi. Stima ikapotea, filta ikazimika. Nikaona nitumie nafasi hiyo kueleza kidogo: nikafungua kifuniko, nikauinua mdomo wa filta juu ya maji na kumweleza mzee namna maji yanavyotoka (kwa sauti kubwa, ili Mama naye asikie). Nasimiyu akaleta kuku, mzee akasema tufumbe macho, nami nikauacha mdomo ule vile vile, umeelekea kitini.

Mzee alipofika kwenye kuwaombea mifugo wa Chwele, stima ikarudi.

"Yesu wangu!" Mama akapiga kelele.

"Amina!" mzee akaitikia bila kufumbua macho, akapandisha sauti zaidi.

Maji yalikuwa yanampiga Mama kisogoni kama ya bomba lililopasuka, na soketi ilikuwa nyuma ya kiti chake hasa. Nikasogea hatua mbili, nikakumbuka heshima, nikarudi hatua mbili. Nikashika taulo, sasa nimpe vipi? Nikaita, "Nasimiyu! Nasimiyu!" naye ameshatoka nje kuchukua ugali.

"Mkwe!" Mama akanguruma, kilemba kikimdondoka. "Zima hiyo kitu! Heshima tutaongea baadaye!"

Nikapita karibu naye hadi bega langu likagusa kiti, nikachomoa waya, nikakimbilia nje na taulo bado mkononi. Nilijua yamekwisha, hatakanyaga kwangu tena.

Kisha nikasikia kicheko. Mama alikuwa anacheka mpaka anakohoa, akimuuliza binti yake, "Ati huyu ndiye anafundisha watoto hesabu?" Halafu akauliza kama samaki wako salama. Walikuwa salama, wote kumi na wawili, na naomba hilo lihesabiwe upande wangu.

Filta ile niliirudisha dukani, na tangu siku hiyo nimeapa sitachagua chombo cha samaki kwa macho ya wageni. Leo kuna tangi dogo Chwele, sebuleni kwa Mama, na filta yake ya sponji nilimchagulia mimi. Majirani wakiuliza, huwaambia kwa maringo kwamba mkwe wake ni mtaalamu. Ila nikimtembelea na chakula kikiombewa, Mama hufumba jicho moja tu. Lile lingine hulielekeza kwangu.