Niliwafundisha watoto waliokimbia vita kuandika hadithi, wakaniua mara nane

Wakuu, habari za mihangaiko.

Kabla hamjaanza kuandika "chai" huko chini, naapa haya yamenikuta mwenyewe, hapa hapa Kibamba, na mashahidi wapo.

Mie ni mwalimu wa tuisheni. Kipaji changu kikubwa ni kuongea. Wife anasemaga hata usingizini natoa matangazo.

Sasa jirani na kwangu kuna familia za watu wa kusini, wachonga vinyago. Ndugu zao wa kule mpakani vita viliwakuta, wakakimbia, watoto wakaletwa huku mjini. Watoto saba. Mmoja, Rukia, miaka tisa, alikuwa haongei kabisa. Siyo bubu. Alifika akiwa kimya, miezi ikawa inakatika, kimya.

Analelewa na mama yake mdogo, Bi Somoe. Siku moja mama huyu alinisimamisha njiani akaniambia, "Mwalimu, mie sitaki awe wa kwanza darasani. Nataka tu nisikie sauti yake."

Iliniuma sana.

Nikakumbuka niliwahi kuhudhuria semina moja. Tuliambiwa watoto waliopitia vita wakiandika hadithi wanapata ahueni, ila usiwalazimishe kusimulia yaliyowakuta. Semina yenyewe nusu siku, na nilichelewa, lakini nikajiona mtaalamu. Nikanunua madaftari, nikaomba banda la kuchongea vinyago, Jumamosi saa nne asubuhi.

Nikaanza kwa mbwembwe zote: "Paukwa!"

Kimya.

Nikarudia. Watoto wananiangalia kama mtu aliyevua shati msibani.

Ndipo Zainabu, binti wa miaka kumi na mbili, akanieleza kwa upole kwamba kwao hadithi haisimuliwi mchana. Ukisimulia jua likiwaka, unaota pembe.

Wakuu, semina haikugusia pembe.

Nikaleta sayansi, wakagoma. Nikaleta maandazi, wakala, wakagoma tena. Ikabidi tukae kikao. Zainabu (huyu mtoto asipokuwa wakili nchi itakuwa imepata hasara) akaja na hoja: pembe zinamwota mwenye hadithi. Kwa hiyo wao wataandika, ila hadithi zote zinihusu mie, na nizisome mie. Pembe zikija, zinajua kichwa cha kwenda.

Nikakubali. Tena nilijiona mjanja.

Daftari la kwanza: Mwalimu katumbukia shimo la choo. La pili: Mwalimu kaliwa na fisi, na fisi akalalamika kuwa nyama ina maneno mengi. La tatu: nyuki. Ndani ya mwezi nilikuwa nimekufa mara nane, na mara moja nimefungishwa ndoa na kiboko.

Na kila Jumamosi kabla ya kuanza walipanga foleni kunipapasa kichwa. "Bado," wanaambiana, kwa masikitiko kabisa.

Sitawaficha, ilianza kunikera. Mtu mzima, una cheti, unasoma kwa sauti jinsi ulivyozikwa bila suruali. Nilitaka kuacha. Kilichonizuia ni Rukia. Alikuwa anacheka. Bila sauti, mabega tu yanatikisika. Na alikuwa anaandika, kaziba daftari kwa kiwiko, Jumamosi nne mfululizo.

Jumamosi ya tano akaniletea. Nikasimama nikasoma:

"Mwalimu amejificha na Rukia kwenye shamba la mihogo. Watu wabaya wanapita. Rukia amemwambia, Mwalimu nyamaza mpaka nikuambie."

Wenzie wakaangua kicheko. Mie na kunyamaza, wapi na wapi. Nikaendelea:

"Siku ya kwanza Mwalimu amenyamaza. Amevimba mashavu. Siku ya pili amenyamaza. Maneno yamejaa mpaka masikioni. Siku ya tatu watu wabaya wamepita."

Hadithi ikaishia hapo. Nikageuza ukurasa, mweupe.

Nilitaka kumuuliza nini kinafuata. Mie, kwa mdomo wangu huu, nikakosa neno.

Rukia alinisubiri. Akaona sisemi. Akanivuta shati.

"Wameshapita, Mwalimu. Sema."

Sauti ndogo, imekwaruza kama ya mtu aliyetoka kuumwa.

Nililia mbele ya watoto saba. Bi Somoe alikuwa nje anapaa samaki, akaingia mbio na kisu mkononi na magamba mpaka kwenye viwiko, akakaa chini palepale kwenye mabaki ya mbao.

Baadaye ndiyo Bi Somoe akanieleza, baada ya Rukia kumsimulia. Kule shambani, mama yake Rukia alimwambia mwanawe anyamaze mpaka atakapomwambia aseme. Kisha wakapotezana. Mama hajaonekana mpaka leo.

Kumbe muda wote ule mtoto alikuwa anatii tu.

Nilichojifunza, wakuu: usimbane mtoto aseme. Mpe daftari, jitolee uwe kichekesho chake, ukubali hata kuliwa na fisi. Mie nilidhani nafundisha kuandika. Mwenzangu alikuwa anasubiri ruhusa ya mtu asiyekuwepo, alipochoka kusubiri akaitoa mwenyewe.

Wenye uzoefu na watoto wa namna hii, shusheni maoni. Na anayejua mama aliyepotezana na mwanawe kule mpakani anatafutwaje, tafadhali asipite kimya. Rukia ameanza kuuliza mama yuko wapi, na anauliza kwa sauti.